Tunaogopa CRB, Bei Hatuiulizi

"Mwanangu, mimi niko CRB," mama mmoja aliniambia, kwa sauti ile ile ambayo mtu husema ana sukari au presha. CRB ni zile kampuni zinazoweka kumbukumbu za wakopaji. Mama huyu ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko Umoja, Nairobi, karibu na soko la Mutindwa, na mimi humpelekea suruali za kupunguza. Oktoba mwaka jana alitaka mkopo wa shilingi 180,000 anunue mashine ya ovaloki na majora ya kitambaa cha sare kabla shule hazijafunguliwa Januari. Benki iliyomshikia pesa miaka tisa ilimkatalia. Kijana wa mikopo alimpa maneno matatu tu: una jina baya.

Nikamjibu, "Mama, hata mimi niko CRB." Akaniangalia kama mtu aliyekiri kuiba kuku.

Lakini ni kweli. Kila Mkenya aliyewahi kukopa benki, au akabonyeza simu akapewa mkopo ambao nyuma yake kuna benki, jina lake limo katika kumbukumbu za kampuni tatu zenye leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Aliyelipa yumo. Asiyelipa yumo. Fikiria daftari la mwenye duka wa mtaani, lile lenye kurasa zilizojikunja pembe, linalokaa chini ya mzani. Humo kuna mama fulani, sukari kilo moja, tarehe 4, amelipa, amekatwa kwa kalamu nyekundu. Kuna kijana wa ploti ya tatu, unga na mafuta, tarehe 9, hajaonekana. Siku ukienda kuomba mkate wa deni, mwenye duka hafungui sheria za nchi. Anafungua daftari. CRB ni daftari hilo hilo, ila sasa wenye maduka wote wanaazimana.

Woga wetu una asili yake. Mpango huu wa kupashana habari za wakopaji ulipoanza 2010, benki zilipeleka habari za mikopo mibaya peke yake. Kanuni za 2013 ndizo zilizotaka hata mkopo unaolipwa vizuri uandikwe. Kwa miaka hiyo ya mwanzo daftari lilikuwa na upande mmoja, wa wabaya, na harufu ya wakati ule haijatoka hadi leo. Serikali nayo ikatia chumvi. Ukiomba kazi ya umma, utaitishwa cheti cha CRB pamoja na cha tabia njema cha polisi, cha KRA ya ushuru, cha HELB ya mikopo ya wanafunzi na cha EACC ya kupambana na ufisadi, kana kwamba kukosa kulipa mkopo wa simu na kukwepa ushuru ni ndugu wa tumbo moja. Kijana asiye na kazi anashindwa kulipa kwa sababu hana kazi, kisha ananyimwa kazi kwa sababu hakulipa. Aliyebuni mzunguko huo sidhani aliwahi kukaa Kayole bila mshahara.

Alama ya mkopo ni namba inayokamuliwa kutoka kwenye daftari hilo. Metropol, kwa mfano, hupima kuanzia 200 hadi 900, na ukiteremka hadi 400 ujue kuna mkopo ambao tayari umeharibika. Kampuni nyingine zina hesabu zao, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na namba tatu tofauti asubuhi moja na zote zikawa sahihi. Na hakuna hata moja kati yake inayosema "mpe" au "mnyime". Namba inakwenda kwa mkopeshaji, ukurasa wako unakwenda kwa mkopeshaji, uamuzi unabaki wake. Karani anayekwambia CRB imekukataa anajificha nyuma ya daftari la mwenzake.

Kila mkopaji ana haki ya kupata ripoti yake bure angalau mara moja kwa mwaka. Tukaiomba ya mama. Ilipoingia kwenye simu yangu ilikuwa jioni, amewasha balbu ya kibandani, sindano tatu ziko mdomoni, miwani imefungwa uzi. Tukasoma mstari mmoja mmoja. Mkopo wa sacco wa 60,000, umefungwa, siku za kuchelewa 0. Mkopo mwingine wa sacco, umefungwa, 0. Kisha mikopo minne ya simu, yote imelipwa: imechelewa siku 12, siku 9, siku 21, siku 15. Mstari wa mwisho ulikuwa mkopo wa simu wa shilingi 1,500, wa mwaka 2019. Salio 1,890. Siku za kuchelewa: 2,291.

Akatoa sindano mdomoni. "Elfu mbili mia mbili na ngapi? Hata msiba hauombolezwi hivyo."

Ikabidi akumbuke. Mwaka ule simu yake iliibwa ndani ya matatu, akanunua laini mpya, maisha yakaendelea. Deni lilibaki kwenye laini iliyokufa. Lakini daftari haliandiki kwa namba ya simu, linaandika kwa namba ya kitambulisho, na kitambulisho hakiibiwi ukakisahau. Mkopeshaji anatakiwa kumpa mtu notisi ya siku 30 kabla ya kumpeleka CRB kwa ubaya. Kama ilitumwa, ilitumwa kwenye laini ile. Hata ujumbe wa punguzo la 2022, nitakaouzungumzia, ulipita hewani ukatua kwenye simu ya mwizi.

Sasa rudi kwenye ile mistari minne ya siku 12, 9, 21 na 15, kwa sababu mimi naona hiyo ndiyo yenye somo kubwa kuliko deni la 1,500. Pesa za fundi wa sare hazina mwezi. Ananunua kitambaa Novemba, anashona Desemba, anauza Januari, na ile shule iliyoagiza sweta mia moja na hamsini inalipa Machi, ikitaka. Mkopo wa simu una siku 30. Yaani amechukua pesa inayodai kabla ya mwezi kuisha, akaiweka kwenye biashara inayolipa baada ya miezi mitatu. Alama inamwona mchelewaji sugu. Mimi niliyekaa kibandani naona mtu aliyelipa kila senti, ila alikopa pesa yenye tarehe zisizo zake. Wafanyakazi wa mshahara hawalijui tatizo hili. Wao mwezi wao na mwezi wa benki ni mmoja.

Kwenye hesabu za benki kuchelewa kuna madaraja. Hadi siku 30 mkopo bado unahesabiwa kuwa wa kawaida. Kati ya 31 na 90 uko chini ya uangalizi. Ukivuka 90, umehesabiwa kuwa mbaya, na hapo ndipo jina linapochafuka rasmi. Kwa hiyo siku 21 za mama hazikumuua, zilimchubua tu. Anayejua ana siku 90 anakwenda kwa mkopeshaji siku ya 40, anasema shule haijalipa, naomba tupange upya. Wengi wetu hufanya kinyume: tunazima simu siku ya 40 na kuiwasha siku ya 100. Sishangai. Zile apu za mikopo zilizokuwa zikipigia simu shangazi na bosi wako zilitufundisha kwamba mkopeshaji akipiga, kimbia. Kanuni za Machi 2022 zimepiga marufuku vitisho, matusi na kupigia watu walio kwenye simu yako, na mkopeshaji wa kidijitali sasa lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Lakini mazoea ya kukimbia yamebaki.

Kitu kingine kilichotuchanganya ni ushauri wa Marekani. Ukitafuta mtandaoni namna ya kupandisha alama, utaletewa mgawanyo wa FICO: asilimia 35 historia ya kulipa, 30 kiasi unachodaiwa, 15 umri wa mikopo, 10 mikopo mipya, 10 aina za mikopo. Utaambiwa usitumie zaidi ya asilimia 30 ya kadi yako ya mkopo. Kadi gani? Mama wa Mutindwa hana kadi ya mkopo, na hata jirani yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi hana. Hesabu hiyo ni ya nchi ambako kampuni ya FICO ilianzishwa 1956 na alama yake ya jumla ikaanza kutumika 1989, watu wakiwa na kadi mbili tatu mfukoni na nyumba ya mkopo wa miaka 30. Nimeona watu wa hapa wakiinakili kama ilivyo, asilimia kwa asilimia, wakabadilisha dola kuwa shilingi na kuiita ya Kenya. Wazo la msingi linasafiri: lipa kwa wakati, usikope kila mahali. Zile asilimia hazisafiri.

Lakini ugomvi wangu mkubwa na makala za kuboresha alama uko kwingine. Zinakueleza namna ya kupanda, hazikuelezi huko juu kuna nini.

Ukilipa mkopo wa simu mara kumi mfululizo bila kuchelewa hata siku moja, unapewa nini? Unapewa limiti. Ulikuwa unakopeshwa 2,000, sasa 5,000, kesho 12,000. Zawadi ya kulipa deni vizuri ni deni kubwa zaidi. Bei yake haishuki. M-Shwari, mkopo wa simu wa M-Pesa, ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na ada ile haikuuliza wewe ni nani. Kwa mkopo wa 2,000 ni shilingi 150. Aliyelipa siku ya tatu, 150. Mwenye historia safi ya miaka mitano, 150. Anayekopa kwa mara ya kwanza, ambaye mkopeshaji hajui hata kama kesho atakuwa hai, 150. Ukirudia mkopo huo kila mwezi mwaka mzima umelipa 1,800 kwa kutumia 2,000. Mtu mwaminifu anamlipia asiye mwaminifu, kisha anapigwa picha akipongezwa kwa limiti kupanda.

Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa Serikali, tangu 30 Novemba 2022, iko nafuu zaidi, asilimia 8 kwa mwaka kwa mkopo wa mtu binafsi, lakini mtindo ni ule ule: riba moja kwa wote, kizuri chako kinapimwa kwa limiti. Na Fuliza, ile inayokukopesha salio la M-Pesa likiisha, iliyokuja Januari 2019, imezoesha jiji zima kuishi chini ya sifuri. Mshahara unaingia, deni linajilipa lenyewe, jioni unaomba tena. Watu hudhani wanajenga historia. Wanachojenga ni picha ya mtu ambaye pesa haikai.

Kuna wakati tulijaribu kuishusha bei kwa nguvu. Septemba 2016 sheria iliweka kikomo cha riba, asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na sisi sote tukashangilia, mimi nikiwamo. Lakini mwambie mwenye duka auze deni kwa bei moja kwa kila mtu, na bei hiyo iwe ya chini. Hatalala akiwaza. Atachagua wateja wasio na shaka, na mteja asiye na shaka kuliko wote ni Serikali. Benki zikajaza hati za Hazina, wafanyabiashara wadogo wakaelekezwa mlangoni, na mlango wa pili ulikuwa wa apu. Kikomo kikaondolewa Novemba 2019. Tulichokisahau katika makelele yale ni kwamba alama ya mkopo ina kazi moja tu ya maana kwa mkopaji: kumtofautisha na mwingine kwa bei. Bei ikiwa moja, alama inabaki kuwa fimbo.

Baadaye tukaanza kuchana kurasa za daftari. Oktoba 2021 Serikali ilisimamisha kwa miezi 12 kuandikwa kwa ubaya wa mikopo iliyo chini ya shilingi milioni 5. Novemba 2022 ukaja mpango wa Benki Kuu wa kurekebisha alama: benki zisamehe angalau nusu ya mikopo ya simu iliyoharibika, na mdaiwa apewe hadi mwisho wa Mei 2023 kulipa nusu iliyobaki. Mpango huo uligusa watu zaidi ya milioni 4.2 na deni la kama shilingi bilioni 30. Gawanya mwenyewe. Ni wastani wa shilingi 7,000 na ushei kwa kila mtu. Na hiyo bilioni 30 ilikuwa asilimia 0.8 tu ya mikopo yote ya benki. Tulikuwa tumewachafulia majina watu milioni nne kwa pesa ambayo katika vitabu vya benki ni makombo.

Kwa hiyo sikulia msamaha ulipokuja. Lakini muulize mama. Nilipomweleza kwamba deni lake la 1,500 lingeweza kukatwa nusu wakati ule, hakusikitika kwa ajili yake. Aliuliza, "Na ile mikopo minne niliyolipa nikikosa chakula, walinirudishia nini?" Hawakumrudishia kitu. Msamaha uliangalia ukurasa mbaya peke yake, kama benki zilivyofanya 2010. Hakuna aliyesema: huyu amelipa mara sita, mpunguzieni ada.

Hapo ndipo mabadiliko ya mwaka jana yanaponipa hamu. Agosti 2025 Benki Kuu ilitangaza fomyula mpya ya riba kwa mikopo ya shilingi yenye riba inayopanda na kushuka, na mikopo mipya ikaanza kuifuata Desemba. Kuna kiwango cha msingi kinachoitwa KESONIA, ambacho ni wastani wa riba ambayo benki zinakopeshana kwa usiku mmoja. Hicho ni kimoja kwa wote. Juu yake benki inaongeza kitu kinachoitwa K. Ndani ya K mna gharama za benki za kukopesha, faida ya wenye hisa, na hatari ya mkopaji mwenyewe. Yaani mle ndani, kwa herufi ambayo hata mama wa Mutindwa anaweza kuitaja, kuna kipande chako. Daftari lako limepata mahali pa kuwa bei.

Kipande hicho si kidogo. Tuseme mama anapata zile 180,000 kwa miezi 24, akirudisha 7,500 za mtaji kila mwezi, riba ikihesabiwa kwa salio linalopungua. Kwa asilimia 1 kwa mwezi, ambayo ndiyo sacco nyingi hutoza, riba yote ni 22,500. Kwa asilimia moja na nusu ni 33,750. Tofauti ni 11,250. Hiyo ndiyo thamani ya alama, kama kuna mtu wa kuihesabu. Limiti ya simu kupanda kutoka 5,000 hadi 12,000 haijawahi kumwachia mtu 11,250 mkononi.

Sasa, alichofanya mama. Kwanza alilipa ile 1,890. Hakuilipa kwa apu wala kwa kijana wa mtandaoni anayeahidi kukutoa CRB kwa 3,000. Hao wasafishaji wa majina wanachosafisha ni mfuko wako. Alikwenda kwenye tawi la benki yenye deni, akalipa, akaomba barua yenye tarehe na muhuri. Barua ile ameitia kwenye karatasi ya plastiki pamoja na leseni ya kaunti. Habari ya mkopo mbaya huhifadhiwa miaka mitano tangu ulipomaliza kulipa, kwa hiyo mstari ule hautatoweka kesho, lakini sasa unasomeka "umelipwa", na kila mwezi ambao angechelewa zaidi ungesogeza mwisho huo mbele.

Baada ya miezi miwili tukavuta ripoti tena. Deni limefungwa. Lakini mkopo mmoja wa sacco aliomaliza zamani ulikuwa umerudi ukionyesha uko wazi, na salio la 4,000. Alitaka kuacha, "si ni kidogo". Nikamwambia kidogo ndicho kilichokuweka siku 2,291. Tukaandika malalamiko kwa ile kampuni ya CRB, tukaambatisha taarifa ya sacco, na kampuni inalazimika kumuuliza aliyepeleka habari. Ukweli ni kwamba ukiikuta ripoti ya Mkenya yeyote mwenye umri wa zaidi ya miaka 35 haina kosa hata moja, mpigie makofi. Watu wanaopeleka habari hizi ni watu, na wanapeleka kwa mamilioni.

Jambo la tatu lilikuwa gumu kwake: kuacha kuomba ovyo. Kila unapoomba mkopo, mkopeshaji anayechungulia daftari lako anaacha nyayo. Mwezi ule wa Oktoba, alipokataliwa, aliomba kwa apu tano ndani ya siku nne. Kwetu ni mtu anayehangaika kutafuta. Kwenye ripoti ni mtu ambaye nyumba yake inaungua. Amefuta apu zote, amebaki na sacco, na amekubaliana nao kwamba akikopa alipe kwa mihula, kiasi kikubwa Februari na Juni, kidogo miezi mingine. Sikujua kama wangekubali. Walikubali kwa sababu aliwaonyesha daftari lake la oda za shule la miaka mitatu.

Niongeze langu. Miaka kadhaa iliyopita nilimdhamini mfanyakazi mwenzangu kwenye sacco. Akapata kazi Qatar, akapanda ndege, na 46,000 ikakatwa kwenye akiba yangu. Sikuwa nimekopa hata senti. Udhamini ni mkopo ambao pesa yake ameila mwingine, na tunauweka sahihi kwenye foleni ya chai. Vijana nao wana lao: HELB. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo deni linaanza kudai, faini ya kutolipa ni 5,000 kwa mwezi, na anayelikimbia hupelekwa CRB. Mtu anakuta jina limechafuka kabla hajaomba mkopo wake wa kwanza kama mtu mzima. Hata 500 kwa mwezi iliyokubaliwa kwa maandishi ni afadhali kuliko kunyamaza.

Januari ilimpita mama. Sare zilishonwa na cherehani moja ya zamani, na oda ya sweta akamwachia fundi wa Buruburu. Lakini wiki tatu kabla ya muhula wa pili tulirudi benki ile ile. Alivaa gauni alilojishonea. Kijana wa mikopo, nadhani yule yule, aliangalia kompyuta, akasema jina sasa limetulia, wanaweza kuzungumza kuhusu 150,000. Akageuza karatasi ya fomu na kumwonyesha pa kuweka sahihi.

Mama hakuishika kalamu. Alivaa miwani ile ya uzi, akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili.

"Mwanangu, hapa mmeandika KESONIA. Hiyo nimeambiwa ni ya kila mtu. Na K yangu ni ngapi?"

Kijana akamtazama, akanitazama mimi. Akasema K ni K, mama, ni ya benki.

"Yote?"

Akabonyeza kompyuta kidogo. Akainuka kwenda ofisi ya ndani, akakaa dakika kumi na kitu, akarudi bila karatasi. Kwamba meneja hayupo, na kwamba swali hilo halijawahi kuulizwa kwenye meza yake. Mama aje Alhamisi.

Alhamisi kuna gauni la harusi la kumalizia. Amesema atakwenda Ijumaa asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, na ripoti yake mkononi.